Mkunga Aliyemfundisha Mfalme Kutembea

Watu wengi hufundishwa chesi kwa kupangiwa kete zote thelathini na mbili, mistari miwili kila upande, halafu wanaambiwa haya, cheza. Mimi nilifundishwa kwa kete tatu: wafalme wawili na askari mmoja. Aliyenifundisha alizikusanya nyingine zote kwa kiganja, akazitumbukiza kwenye kopo la maziwa ya unga na kufunga kifuniko.

"Hizo zitakufa tu," alisema. "Tuanze na watakaobaki."

Mtaa wetu wote wa Buswelu ulimwita Mkunga. Jina lake la ubatizo nalijua, nimeliona kwenye kadi yake ya bima, lakini sikuwahi kulitumia hata siku moja na sioni sababu ya kuanza leo. Alikuwa amestaafu baada ya miaka mingi ya kuzalisha ng'ambo ya ziwa, kule Sengerema, akajenga nyumba ya vyumba vitatu juu ya mwamba. Ukisimama kwenye kona ya kibaraza chake siku isiyo na vumbi, unaona kipande cha ziwa, kidogo tu. Nilipohamia kufundisha jiografia kwenye sekondari ya pale jirani, nilipanga nyumba inayotazamana na yake. Nilivuka njia kwenda kujitambulisha, kama mtu aliyelelewa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unajua chesi?"

"Hapana, sijui."

"Vizuri. Hujaharibiwa. Kaa hapo."

Hivyo ndivyo tulivyojuana, na tukaendelea hivyo kwa miaka kumi na miwili.

Namwandika sasa kwa sababu mimi ndiye niliyekaa naye kwenye mchezo ulioamua kama atabaki kwenye nyumba ile au atachukuliwa na mwanawe kwenda kuishi Bukoba. Katika mchezo huo nilimkosea. Nilishamwomba radhi na alishanisamehe, lakini kila nikipita mbele ya kile kibaraza nalikumbuka kosa langu upya, na nadhani nikieleza Mkunga alikuwa mtu wa namna gani, nitaeleweka kwa nini linaniuma hivi.

Nianze na mfalme, maana yeye alianza naye kila mara. Mwanzoni mwa mchezo, mfalme hufichwa. Anasogezwa pembeni, anawekewa askari watatu mlangoni, na wengine wote wanapigana kwa ajili yake. Wachezaji wengi wanamzoea hivyo mpaka wanamsahau hukohuko. Malkia wameuawa, farasi wameuawa, ubao umekuwa mtupu, na bado mfalme amejikunyata kwenye kona anaogopa watu ambao hawapo. Hilo ndilo lililomkera Mkunga kuliko jambo lolote katika mchezo huu.

"Mfalme si mgeni rasmi," alikuwa akiniambia, akigonga kona ya ubao kwa ukucha. "Mgeni rasmi ndiye anakaa kwenye kochi anangoja soda. Huyu kete zikiisha ashike jembe. Mtoe! Mtoe mwalimu, mlete katikati!"

Nilikuwa namtoa, chumba kimoja tu, yaani mraba mmoja wa ubao. Naye anacheka kwa pua.

"Anaogopa baridi?"

Kisa cha yeye kujua miisho tu, na si chesi nzima, nilikipata kwa vipande vipande. Miaka ya ujana wake wodini kulikuwa na mgonjwa, mwalimu mkuu wa shule ya msingi, aliyevunjika paja na kuning'inizwa mguu kwa mawe ya uzito kwa karibu miezi mitatu. Mtu huyo alikuwa na ubao na hakuwa na wa kucheza naye. Mkunga alikuwa na mapumziko ya chai ya dakika kumi na tano, na wodi ya wazazi ilikuwa mlango wa pili. Mchezo mzima hauingii kwenye kikombe cha chai. Kwa hiyo yule mgonjwa akawa anampangia mwisho tu: leo mfalme na askari dhidi ya mfalme, kesho mfalme na ngome, kesho kutwa askari wawili wanaokimbizana. Chai ikiisha, na mchezo umeisha, Mkunga anarudi kwa wazazi wake. Siku mgonjwa aliporuhusiwa kwenda nyumbani, alikuwa hajawahi kumwonyesha kete zinavyopangwa mwanzoni.

"Na mimi sikuuliza," alisema Mkunga. "Nilidhani chesi ndiyo hiyo."

Kwa sababu hiyo alikuwa mchezaji wa ajabu. Kwenye mchezo kamili alikuwa hafai kabisa. Jirani yetu wa chini ya mwamba, mzee mmoja aliyefanya kazi kwenye vivuko mpaka akastaafu, ambaye sote tulimwita Baharia, alikuwa akimfunga kabla ugali haujaiva. Farasi wake walimchanganya Mkunga, malkia wake alimwonea. Lakini ole wake Baharia akilegea, akaruhusu kete zipungue mpaka zikabaki tatu nne. Hapo Mkunga alivuta kiti mbele, akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa kitenge, na Baharia alianza kuguna. Nilimsikia siku moja akimlalamikia mkewe kwamba kucheza na yule mama ni sawa na kuogelea: mbali hakuna shida, shida ni karibu na ufukwe.

Mambo aliyonifundisha yalikuwa machache, na yote alikuwa ameyapa majina yake mwenyewe. Kubwa lilikuwa *kusimamiana*. Wafalme wawili hawaruhusiwi kugusana; lazima kibaki chumba kimoja katikati yao. Sasa wakisimama uso kwa uso, na chumba kile kimoja katikati, yule ambaye ni zamu yake kucheza ndiye mwenye shida, maana lazima asogee, na akisogea anamfungulia mwenzake njia. Asiye na zamu ndiye mwenye nguvu. Nilichukua wiki mbili kulielewa hili. Maisha yangu yote nilikuwa nimeamini kwamba mwenye zamu ndiye mwenye bahati.

"Zamu ya nani?" Hilo ndilo lilikuwa swali lake. Hakuuliza nani ana kete nyingi, hakuuliza nani anashambulia. Aliangalia ubao na kuuliza zamu ya nani, na kutoka hapo alikuwa ameshajua mwisho.

Nililipeleka darasani. Siku kidato cha pili walipokuwa wamepandisha kelele mpaka mwalimu wa chumba cha pili akachungulia, niliweka chaki mezani, nikasimama mbele yao, nikanyamaza. Sikukunja uso. Nilisimama tu. Dakika ya kwanza walicheka, ya pili wakaanza kutazamana, ya tatu kiranja akasema, "Samahani, mwalimu." Nilipomsimulia Mkunga, aliridhika sana, ingawa alichosema ni kwamba dakika tatu ni nyingi na kwamba labda nilisimama vibaya.

Jambo la pili aliliita *uzio*. Askari akiwa anakimbia kwenda mwisho wa ubao akageuke malkia, na mfalme wako yuko mbali, huna haja ya kuhesabu hatua moja moja. Unachora kwa macho uzio wa pembe nne kuanzia pale alipo askari mpaka anapokwenda, urefu sawa na upana. Mfalme wako akiingia ndani ya uzio, atamkamata. Akiwa nje, mwache aende, tafuta kazi nyingine. Siku moja tukiwa kibarazani mbuzi wa jirani alikatika kamba, akaelekea kwenye tuta lake la mchicha. Mimi niliruka. Mkunga alibaki kwenye kiti. Alimtazama mbuzi, akatazama mchicha, akanitazama mimi ninavyokimbia na kanga inanifunguka.

"Rudi," aliita. "Uko nje ya uzio."

Na kweli mbuzi alifika kabla yangu. Nilisimama pale katikati ya uwanja nimeshika kanga, mbuzi anatafuna, na Mkunga anaangua kicheko mpaka akakohoa. Mchicha ulikuwa wake, lakini alicheka.

Kwenye ubao alikuwa na subira isiyo na mwisho. Aliweza kuzungusha mfalme wake hatua tatu, kwenda pembeni, kurudi nyuma, kurudi palepale alipotoka, ili tu zamu imwangukie mwenzake. Safari ya bure kabisa, akiitazama mtu asiyejua. Nje ya ubao, hakuna mtu niliyemwona mwenye haraka kama yeye. Ndizi zake zilikuwa ngumu katikati kila mara, na yeye ni Mhaya, jamani, mtu aliyezaliwa kwenye migomba! Alizitoa jikoni mapema kwa sababu hakuweza kungoja. Mahubiri yakizidi nusu saa alianza kuangalia saa yake ya mkononi, ile ya kinesi inayobandikwa kifuani ambayo aliifungia mkanda. Mchungaji aliniambia kwamba Mkunga huitazama saa ile kuliko anavyoitazama Biblia yake. Akipanda bodaboda, yeye ndiye anamhimiza dereva, mpaka dereva mmoja akamwomba ashuke.

Nilimuuliza siku moja inakuwaje, subira kwenye ubao na haraka kwingine kote.

"Kwenye kazi nilijilazimisha," alisema. "Mzazi ana saa zake, wewe huna. Mimi kazi yangu ilikuwa kukaa. Madaktari vijana walikuja, wakaniuliza, 'Sista, umekaa tu?' Nikawaambia ndiyo, nimekaa. Nimewahi kuharakisha mara moja."

Alipanga upya wale wafalme wawili, akaniambia nichukue weupe.

Watu aliowazalisha walikuwa kila mahali. Tukiwa sokoni, jitu la miraba minne linakuja limeinama, "Shikamoo, Mkunga, unanikumbuka?" Hakumkumbuka mtu kwa sura. Aliuliza jina la mama, akafikiri, akakumbuka jinsi mtu huyo alivyoingia duniani, na hakuona aibu kuitangaza. "Aa, wewe! Wewe ulikuja kwa matako!" Mbele ya wauza dagaa. Jitu linacheka kwa haya, wauza dagaa wanapiga makofi, na Mkunga ameshaendelea mbele anauliza bei ya sangara.

Kusifu hakujua. Nikicheza vizuri alisema, "Haya," nikicheza vibaya alisema, "Haya," kwa sauti nyingine. Lakini mwaka ule mume wangu alipohamia Kisesa kwa mwanamke mwingine, akaacha hata viatu vyake mlangoni, Mkunga alivuka njia kila siku saa kumi jioni, kopo la maziwa kwapani. Hakuniambia pole. Hakuniambia Mungu ana makusudi yake, kama walivyoniambia wengine mpaka nikataka kuwafungia mlango. Alisogeza vyombo vyangu visivyooshwa, akaweka ubao, akapanga wafalme, akasema, "Zamu yako." Nilicheza huku machozi yananidondokea mezani. Alisubiri. Nikichelewa sana, alirudia: "Zamu yako, mwalimu." Ilichukua miezi. Siku moja nikajikuta nimeosha vyombo kabla hajafika, nikajua nimepona. Nilimpenda sana mama yule. Niseme hivyohivyo, bila kuzunguka.

Sasa nifike kwenye ile habari ya kutoka. Mtu huyu aliyewatoa wafalme wa kila mtu nje, yeye mwenyewe hakutaka kutoka nyumbani kwake. Watoto wake walikuwa wawili. Binti yuko ughaibuni. Kijana ni mhandisi Bukoba, ana nyumba kubwa, ana mke mpole na watoto wanne, na kila sikukuu alipiga simu kumwomba mama yake ahamie kwake. Kila sikukuu Mkunga alikataa, tena kwa sauti ya kusikika njia nzima. Aliapa mbele ya mchungaji, mbele ya balozi wa mtaa, mbele ya fundi bomba aliyekuja tu kubadilisha koki.

"Kwenye nyumba hii nitatolewa nimebebwa! Nimeijenga kwa mikono hii. Nikaishi kwa mkwe, niombe chumvi?"

Baharia alimtania. "Mfalme amejificha kwenye kona," alisema. "Mtoe, Mkunga, mtoe!" Mkunga alimrushia kete ya farasi.

Halafu Baharia akafariki, ghafla, wiki moja tu ya homa. Tangu hapo kibaraza kilipoa. Mimi shuleni nilikuwa nimepewa usimamizi wa taaluma, narudi jua limeshainama, nimechoka. Nilivuka njia mara mbili kwa wiki, halafu mara moja. Nilijiambia Mkunga ni mtu mgumu, hahitaji kushikwa mkono. Aliapa hivyo mwenyewe.

Mwaka huu mwanzoni alipata kiharusi, si kikubwa. Mdomo ulipinda kidogo ukarudi, mkono wa kushoto ukabaki mzito. Baada ya wiki kadhaa akaanguka bafuni na kukaa sakafuni tangu asubuhi mpaka mchana, ambapo muuza maziwa alipiga hodi, akasikia sauti. Mimi nilikuwa darasani, mita mia mbili kutoka pale, nafundisha mvua za msimu.

Mwanawe alikuja na gari siku iliyofuata. Aliniita kama shahidi. Tukakaa sebuleni watu watatu: yeye, mimi, na Mkunga kwenye kiti chake na shali mabegani.

"Mama, safari hii sikuombi," alisema yule kijana. Kijana, nasema, ana mvi. "Hauko kama zamani. Jiko umeliacha linawaka mara mbili. Dawa unazimeza mara mbili au huzimezi. Mwalimu, mwambie."

"Kichwa changu ni kizima," alisema Mkunga.

"Mama, kila mtu anasema hivyo."

"Kipime."

"Nikipime na nini?"

Alinyoosha kidole kwenye rafu, kwenye kopo. "Mwalimu anajua. Mfalme wangu peke yake. Yeye mfalme na askari. Nikisimama vizuri, hapiti, ni sare. Kichwa kibovu hakiwezi. Nikitoka sare, unarudi Bukoba na gari lako tupu na hunipigii tena simu ya kuhama. Nikifungwa, nakwenda. Wewe shahidi."

Kijana alinitazama. Chesi aliijua kidogo, alifundishwa utotoni na huyuhuyu mama, akaikimbia. "Ni kweli ni hivyo?"

"Ni kweli," nilisema. "Akili isipotulia, mchezo ule haulindiki."

"Basi sawa," alisema, na nilimwona anajutia palepale.

Nilipanga. Mfalme wangu mweupe katikati ya ubao, askari nyuma yake, kwenye kisigino. Mfalme wake mweusi mbele yangu, uso kwa uso, chumba kimoja katikati. Zamu yangu. Yaani yeye ndiye aliyekuwa na nguvu, kama akijua. Nikienda kushoto, anifuate upande uleule asimame tena mbele yangu. Nikirudi katikati, arudi. Kazi yake ni hiyo tu, lakini haina nafasi ya kukosea hata mara moja, maana akiacha kunisimamia, mfalme wangu anapita mbele, na mfalme akishapita mbele ya askari wake, mchezo umekwisha.

Nilikwenda kushoto. Akanifuata, kwa mkono wake wa kulia usiotetemeka. Nilirudi katikati. Akarudi. Nilikwenda kulia. Akaja. Nilirudi. Akarudi. Kijana alikuwa ameegemea mbele, viwiko magotini. Mimi moyo ulikuwa unaimba. Yumo! Yumo mzima, kama siku ya kwanza.

Nilikwenda kushoto tena, na Mkunga akachukua mfalme wake na kumpeleka upande mwingine.

Nilidhani nimeona vibaya. Niliutazama ubao, nikautazama tena. Mbele ya mfalme wangu njia ilikuwa wazi, nyeupe. Hatua moja mbele, na ningemfunga. Mtoto wa wiki mbili za mafunzo angeiona. Nilimwinulia macho. Alikuwa anatazama ubao, uso mtulivu, na nikaona yale mashavu yaliyolegea upande mmoja, na shali, na mkono uliolala mapajani. Nikawaza: ndiyo hivi kichwa kinavyokwenda. Kinakuwepo, kinakuwepo, halafu kinateleza mara moja, na kwa mara hiyo moja anaporwa nyumba yake.

Sikumpeleka mfalme. Nilisukuma askari. Ni kosa la anayeanza, askari kumtangulia mfalme, kosa aliloniondolea siku za mwanzo kabisa. Lilimrudishia nafasi ya kusimama mbele yangu na kupata sare yake. Nilijifanya nimefikiri sana kabla ya kulifanya.

Kijana aliutazama ubao, akahesabu kwa midomo. "Hapo ni sare, si ndiyo?" alisema. Aliegemea nyuma. Sijui kama alifurahi au alisikitika, nadhani vyote.

Mkunga hakucheza. Alimwangalia yule askari wangu muda mrefu.

"Baba," alimwambia mwanawe, "nenda kwenye gari ukaniletee maji. Haya ya bomba yana ladha ya mfereji."

Alipotoka, Mkunga alivua miwani.

"Waitu, mwalimu," alisema kwa Kihaya, kama kusema jamani. "Ndiyo umefanya nini?"

"Mama, nilidhani..."

"Ulidhani nimekosea. Miaka yote hii, umeshaniona nakosea pale?"

"Sijawahi."

"Haya." Ilikuwa ile ya sauti nyingine. "Nilikufungulia njia. Nikakufungulia wazi, mpaka nikaona haya. Wewe badala ya kupita, ukanifungia mlango."

Sikuelewa mara moja. Alishusha sauti, mtu ambaye sijawahi kumsikia akishusha sauti.

"Nataka kwenda, mwalimu. Nilikaa pale sakafuni nasikiliza watu wanapita njiani, wanacheka, nikaita mpaka sauti ikaisha. Nyumba yangu! Nimeijenga mimi, na hakuna wa kuniuliza nimeamkaje. Nataka kusikia watoto wanagombania rimoti. Nataka yule mkwe anichomee ndizi ziive. Lakini mdomo huu umeapa mbele ya watu wote, nitaanzaje kusema nimechoka? Nilitaka nifungwe. Nifungwe na mtu anayejua, kihalali, nitoke hapa na heshima yangu. Nani mwingine angenifunga? Baharia yuko wapi?"

Nilijaribu kusema kwamba nilikuwa namwonea huruma. Nilipoyatafuta maneno niliona si kweli. Huruma ile haikuwa yake. Nilikuwa nimejihurumia mimi. Nilitaka abaki ng'ambo ya njia, taa yake iwake jioni niione, hata kama sivuki. Nilikuwa tayari aanguke tena bafuni ili mimi nisiwe peke yangu.

"Nisamehe, mama," nilisema.

"Nimekusamehe. Futa macho, anakuja."

Kijana aliingia na chupa ya maji. Nilimwambia, "Kaka, mchezo haujaisha. Nimekosea hatua, naomba kurudia."

"Inaruhusiwa?" alimuuliza mama yake.

"Mwalimu amechoka," alisema Mkunga. "Mwache arudie."

Nilimrudisha askari nyuma. Nilimshika mfalme, nikampeleka mbele, pale palipokuwa wazi.

Na hapo Mkunga akacheza. Njia alishaifungua mara moja na hakuna alichoniongezea. Alinizuia kwa kila alichokuwa nacho, mfalme wake mmoja yule, akinikimbiza, akinizungukia, akinilazimisha nifikirie kila hatua, na mara moja nilikaribia kweli kuteleza na akaguna kwa hasira, kana kwamba ningemtia aibu. Nilisimama mbele yake. Nilimtoa pembeni. Nilimwita askari nyuma yangu, chumba kwa chumba, mpaka akafika mwisho wa ubao. Nilifungua kopo nikatoa malkia, nikamweka.

Mkunga alilaza mfalme wake kwa kidole.

"Nimefungwa," alisema, kwa ile sauti ya kusikika njia nzima. "Mmeona wote, nimefungwa. Haya, baba, begi liko juu ya kabati. Na kopo langu usilisahau."

Waliondoka kesho yake asubuhi. Balozi alikuja, mchungaji alikuja, muuza maziwa alikuja, na yeye akamweleza kila mmoja kupitia dirisha la gari kwamba asingekwenda popote, ila mwalimu amemfunga, afanyeje, ahadi ni ahadi. Walinitazama kwa lawama. Nilikubali lawama ile yote. Alinishika mkono kupitia dirisha, akaubana, akamhimiza mwanawe awashe gari.

Nilirudi kufunga madirisha yake, nikaketi kidogo kibarazani. Nilikuwa nimemfunga Mkunga, mara ya kwanza katika miaka kumi na miwili, kwa mfalme wangu mwenyewe. Na mtu pekee pale Buswelu ambaye ningemsimulia akaelewa ilikuwaje, alikuwa njiani kwenda Bukoba, ameshapita Kisesa.